Maswali na Majibu: Nani Aongoze Filamu ya Shujaa Inayoanzishwa Upya?

Swali: Nasomea filamu hapa Mombasa. Tumepewa zoezi la kumchagua mwongozaji wa kuanzisha upya filamu za shujaa wa katuni ambazo zimedorora. Wenzangu wanamtaka shabiki aliyesoma kila toleo la kitabu. Mimi namtaka mwongozaji aliyesifiwa kwa filamu ndogo ya mambo ya kifamilia, kwa sababu anajua hisia. Mapigano hayanisumbui, nasikia studio kubwa zina watu wao wa kuyafanya. Nimpime kwa vigezo gani?

Jibu: Ndugu yangu, hiyo sentensi ya mapigano ndiyo itakayokuangusha. Naisikia karibu kila ninapofundisha, tena kutoka kwa wanafunzi wazuri, kwa hiyo naanza nayo.

Watu hao wapo kweli. Katika filamu kubwa za Marekani, mapigano hupangwa kwa michoro ya kompyuta miezi kadhaa kabla kamera haijawashwa, na mara nyingi kikosi cha pili, chenye mwongozaji wake, ndicho kinachorekodi magari, miruko na makonde. Mimi ni mhariri wa filamu. Hata kwenye filamu zetu za bajeti ndogo, pigano ambalo mwongozaji mkuu hakulisimamia nalitambua kabla sijaambiwa. Ngumi zimepangwa vizuri, lakini anayepigana si yule niliyemwona dakika mbili nyuma akimlilia baba yake. Haogopi alichokuwa akikiogopa, wala hana hasira na kile kilichomkasirisha. Nina uwezo wa kulifupisha pigano hilo, sina uwezo wa kulitafutia sababu.

Mwaka 2018, Lucrecia Martel, mwongozaji wa Argentina, alisimulia kwamba Marvel walizungumza naye kuhusu filamu ya Black Widow, na akaambiwa asihangaike na mapigano, wao watayashughulikia. Alikataa mantiki hiyo, kwa sababu yeye alitaka kuyaongoza. Huyo ndiye mwongozaji wa hisia unayemtafuta, na alielewa mara moja kwamba ukimnyang'anya mapigano umemnyang'anya nusu ya mhusika wake.

Mtazame na Patty Jenkins. Kabla ya Wonder Woman ya 2017, filamu yake ya sinema ilikuwa moja tu, Monster ya 2003, iliyogharimu takriban dola milioni 8. Katikati alifanya kazi ya televisheni. Wonder Woman haikuwa kuanzishwa upya, lakini inajibu swali lako. Unakumbuka Diana, yaani Wonder Woman mwenyewe, anapopanda kutoka kwenye handaki na kutembea peke yake kuelekea bunduki za Wajerumani? Jenkins alilazimika kulitetea tukio hilo ndani ya kazi yenyewe, maana wapo waliouliza: hapo anapigana na nani hasa? Hakuna adui maalumu anayemkabili. Akalichora kwa mkono wake ili waelewe. Yeye alijua kwamba hapo ndipo mwanamke huyu anapogeuka kuwa shujaa, na tukio la namna hiyo halipatikani kwa kumkabidhi mtu mwingine hesabu ya milipuko.

Christopher Nolan naye, katika filamu zake za Batman, hakutegemea kikosi cha pili. Alitaka kila picha ipite mikononi mwake. Wengi husema studio ilimwokota kutoka filamu ndogo ya Memento. Wanairuka Insomnia ya 2002, ambayo Warner Bros., studio hiyohiyo ya Batman, walimpa ikiwa na Al Pacino na Robin Williams, kwa bajeti ya takriban dola milioni 46. Alitoka chini ya milioni 10, akapita 46, ndipo akafika kama 150 za Batman Begins mwaka 2005. Walikwisha kumwona akimudu mastaa na ratiba nzito.

Sasa mtazame Josh Trank. Chronicle ya 2012 iligharimu kama dola milioni 12, ikaingiza zaidi ya mara kumi ya hizo. Studio ya Fox ikampa Fantastic Four yenye bajeti ya takriban milioni 120. Filamu ilitoka Agosti 2015 baada ya sehemu zake kurekodiwa upya, na watazamaji walizitambua sehemu hizo kwa nywele za bandia za mwigizaji Kate Mara, ambazo zinabadilika kutoka tukio moja hadi jingine. Siku moja kabla ya kutoka, Trank mwenyewe aliandika mtandaoni kwamba toleo lake la mwaka mmoja nyuma lilikuwa zuri sana na huenda tusilione kamwe. Mapato ya dunia nzima yalikuwa kama milioni 168, na ukitoa fungu la kumbi za sinema na gharama za matangazo, hiyo ni hasara.

Utasema kosa ni kuruka kutoka 12 hadi 120. Lakini Jenkins, kutoka milioni 8 hadi bajeti ya Wonder Woman, aliruka mbali zaidi, akatua salama. Kwa hiyo usiishie kwenye bajeti. Uliza kwa nini filamu inaanzishwa upya. Nolan na mwandishi David Goyer walikuwa na jibu: kuonyesha kwa ukamilifu jinsi mtoto aliyeuliwa wazazi anavyofikia kuvaa vazi la popo, jambo ambalo sinema haikuwa imelisimulia. Ndiyo maana karibu saa nzima hupita kabla vazi halijaonekana. Fantastic Four ina historia nyingine. Filamu yake ya kwanza ilitengenezwa miaka ya mwanzo ya 1990 kwa takriban dola milioni moja ili haki za kuwatumia wahusika hao kwenye filamu zisipotee, na haikuwahi kutolewa rasmi. Shinikizo la kulinda haki si hadithi ya filamu, na hakuna mwongozaji anayeweza kuliongoza.

Ushabiki haumdhuru mwongozaji, ila peke yake hautoshi. Superman Returns ya 2006 ilijaa mapenzi kwa filamu ya 1978, hadi sauti ya Marlon Brando na muziki wa John Williams vikarudishwa. Mwaka 2013 studio ilianza upya tena.

Kwenye zoezi lako, mpe mgombea ukurasa wa pigano kutoka kwenye muswada. Akueleze shujaa anaingia na nini na anatoka amepoteza nini, kisha kamera inasimama upande wa nani. Akikujibu kwamba hayo ataachiwa wataalamu, mtafute mwingine. Zungumza pia na waliofanya naye kazi: seti ikichafuka, yeye hufanya nini?

Kinachoniudhi ni wale wanaowauzia vijana kozi mtandaoni kwamba ukishuti dakika tatu za mapigano makali, Hollywood itakupigia simu, pamoja na wachambuzi wanaopanga orodha za majina makubwa kila filamu ya shujaa inapoanguka. Kwao mwongozaji ni mganga wa kuitiwa mgonjwa aliyeshindikana. Na watayarishaji wetu wameshaambukizwa: tarehe ya kutoka imetangazwa, bango limechapishwa, muswada hauna tendo la tatu, yaani sehemu ya mwisho ya hadithi, na wanatafuta jina. Mgonjwa akifa, jina hilo ndilo linalobebeshwa lawama, na kijana aliyekuwa na kipaji cha kweli hapati kazi nyingine kwa miaka.

Siku moja utaitwa wewe. Kabla hujasaini, omba muswada wote, si muhtasari. Uliza nani anasimamia mapigano na kama anawajibika kwako. Uliza pia nani ana neno la mwisho kwenye uhariri. Chama cha waongozaji cha Marekani kimewapatia wanachama wake majuma 10 ya kuhariri toleo lao la filamu ya sinema, ila toleo la mwisho kwa kawaida hubaki kwa studio. Wewe huna chama hicho, kwa hiyo majuma yako yaandikwe kwenye mkataba.