Roboti haibebi sarafu, inabeba pipa

SWALI: Assalaamu alaykum fundi. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi umeme hapa Unguja. Nimeona video ya kiwanda cha sarafu huko nchi za nje, mkono wa roboti unahudumia mashine. Sijaelewa. Sarafu ni duara, inajiviringisha yenyewe, kwa nini isiachiwe ishuke kwenye mfereji mpaka mwisho? Roboti ya nini? Na mimi mradi wangu wa kumaliza chuo nataka uwe mkono wa kubeba sarafu za mia tano. Nitumie sumaku au kikombe cha kufyonza?
Mwanafunzi, Mwanakwerekwe

JIBU: Wa alaykumu s-salaam, mwanangu. Nusu ya jibu umeshaitoa mwenyewe. Sarafu moja moja haina haja ya roboti. Bamba la chuma hukatwa vipande vya duara, vipande hutiwa tanuri vilainike, huoshwa, hutiwa ukingo, kisha huingia kwenye mashine ya kugonga chapa. Mashine nzuri ya siku hizi hugonga sarafu kama 750 kwa dakika, yaani zaidi ya 12 kila sekunde. Hakuna mkono wa mtu wala wa chuma utakaozitia moja moja kwa kasi ile. Hapo zinafanya kazi sahani inayozunguka, mfereji, na uzito wa sarafu yenyewe.

Tabu iko baina ya mashine moja na nyengine. Chukua jero yetu, yaani sarafu ya mia tano, ile yenye sura ya Mzee Karume upande mmoja na nyati upande wa pili, iliyoingia mwaka 2014. Uzito wake gramu 9.5, kibindoni huisikii. Lakini jero 1,000 ni kilo 9.5, na jero 50,000 ni kilo 475. Kwa hesabu yangu hizo 50,000 hazijazi zaidi ya nusu ya pipa la mafuta la lita 200. Hamali wa bandarini Malindi akiliona pipa lile atadhani ni mzigo wa watu wawili, aje akute halitikisiki. Ukifika milioni moja una tani tisa na nusu, na sarafu milioni moja kwa kiwanda cha taifa si kazi ya kujisifia.

Mzigo huo lazima uinuliwe, upelekwe, umiminwe kwenye mdomo wa mashine, pipa tupu lirudi, na mchezo uanze upya, mchana kutwa. Roboti imewekwa kwa ajili ya hapo. Kiwanda cha sarafu cha Australia, kilichoko Canberra, kina mkono wa kampuni ya KUKA ya Ujerumani uitwao Titan, aina yenye uwezo wa kunyanyua kilo 1,000. Unalikumbatia pipa, unalinyanyua na kulimimina. Foklifti nayo inanyanyua, lakini kumimina taratibu, kwa pembe ile ile kila mara bila kumwaga, ni jambo jengine.

Kuna mahali pamoja tu roboti inashika sarafu moja moja: zile za ukumbusho, zinazouzwa kwa wakusanyaji. Hizo hung'arishwa kama kioo na alama ya kidole inaziharibu, kwa hiyo hunyanyuliwa kwa kikombe laini cha kufyonza na kulazwa ndani ya kikasha. Kasi si hoja pale, usafi ndio hoja.

Sasa sumaku au kikombe? Jero ni chuma kilichopakwa nikeli, kwa hiyo sumaku inaikamata vizuri. Vizuri mno, na hapo ndipo penye kasoro. Ukiishusha sumaku kwenye rundo hujui imenyanyua ngapi, mara tano, mara kumi na moja, zimeng'ang'aniana kama kupe. Kwa kazi ya fedha, mashine isiyojua imeshika ngapi haifai. Tena ukitumia sumaku ya umeme, umeme ukikatika mzigo unaanguka papo hapo, na sisi wa Unguja umeme wetu unavuka bahari kutoka Bara, huna haja ya kuelezwa. Chochote utakachochagua, hakikisha umeme ukiondoka kinabaki kimeshika.

Mimi ningechukua kikombe. Usiogope kwamba sarafu ina michoro na hewa itavuja. Piga hesabu: kikombe cha mpira laini cha milimita 15, pampu ikifyonza nusu ya kanieneo ya hewa, kinavuta kwa nguvu inayokaribia nyutoni 9. Uzito wa jero haufiki nyutoni 0.1. Hata ikivuja kidogo unabaki na akiba tele. Kipenyo cha jero ni milimita 27.5, kikombe kinakaa katikati bila kutokeza nje. Mfuko wa sarafu ni habari nyengine, maana hewa inapita kwenye nyuzi. Mfuko unashikwa kwa kucha au unabebwa kwa chini.

Jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau ni uzito wa kiganja, yaani kifaa cha kushikia kilicho mwisho wa mkono. Zamani, kwenye kiwanda kimoja nilichofanya kazi, tuliagiza mkono wenye uwezo wa kunyanyua kilo 50 kwa mzigo wa kilo 45. Tukajiona mahodari. Kiganja tulichokichonga wenyewe kikatoka na kilo 14! Mkono ukawa kila ukinyooka unajizima na kuwasha taa nyekundu. Sikutafuta wa kumlaumu, hesabu niliifanya mimi.

Kwa hiyo wewe anza hivi. Jero 50 ni gramu 475. Zikiwa kwenye kikopo mwisho wa mkono wa sentimita 30, mota ya begani inadaiwa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 1.4, na bado hujahesabu kikopo, kiganja na mkono wenyewe. Vimota vidogo vingi vya dukani havifiki mbali zaidi ya 2. Ama fupisha mkono, ama funga uzito wa kusawazisha upande wa pili wa bega, kama mizani.

Na katika kuhesabu usitegemee mzani. Sarafu iliyochakaa ni nyepesi kuliko mpya, na kwenye jero 1,000 gramu chache za huku na huku zinatosha kuficha moja iliyopotea. Weka sensa ya mwanga kwenye mfereji, zihesabiwe zikipita moja moja, kisha mzani uwe shahidi. Hesabu mbili zikigombana, mkono usimame.

Kwa majaribio tumia vipande vya chuma vya duara visivyo na tundu, vya kipenyo kama hicho. Sarafu iache mpaka siku ya kuwaonesha walimu.