Yule ndege kwenye chupa, na maswali mengine ya picha na sayansi

Toleo lililopita tulichapa picha iliyochorwa na Mwingereza Joseph Wright wa Derby, ile ya ndege mweupe ndani ya chupa kubwa ya kioo na watu wamemzunguka usiku. Barua zimekuja nyingi kweli, nimechagua nne nizijibu kwa kirefu.

Shikamoo mhariri. Mimi niko kidato cha tatu, Morogoro. Ile picha imenitisha, wale watu wanafanya nini na yule ndege? Ni uchawi au ni fizikia? Na je anakufa?

Marahaba mwanangu. Ni fizikia, tena ile unayosoma darasani. Ile mashine ya mbao na shaba ni pampu ya kuvuta hewa, Mjerumani Otto von Guericke ndiye aliyeitengeneza kwanza karibu mwaka 1650, alafu Robert Boyle na Robert Hooke kule Uingereza wakatengeneza ya kwao iliyo bora zaidi, na mwaka 1660 Boyle akachapisha kitabu cha majaribio aliyofanya, yakiwemo ya kuweka ndege na panya ndani ya kioo na kuwatolea hewa aone kitatokea nini. Unazungusha mkono wa pampu, hewa inatoka kidogo kidogo, ndani kunabaki ombwe, mnyama anaanza kuhangaika.

Sasa Wright amechora mwaka 1768, yaani miaka mia na zaidi baada ya Boyle. Hapo pampu haikuwa tena kitu kipya kwa wataalamu, ila kulikuwa na wahadhiri waliokuwa wanazunguka na vifaa vyao mji kwa mji, unalipa unaingia unaona sayansi kwa macho yako, na familia zenye uwezo ziliwaita mpaka nyumbani. Mmoja wao, Mskochi James Ferguson, aliandika wazi kwamba jaribio la mnyama hai linaumiza sana kwa mtazamaji yeyote mwenye utu hata kidogo, yeye badala yake akatumia kibofu ndani ya kioo kionyeshe jinsi mapafu yanavyojaa na kunywea. Kwa hiyo Wright angeweza kabisa kuchora kibofu. Hakutaka. Akamweka kasuku mweupe wa kishungi, ndege wa bei kali wa kutoka mbali, ambaye hakuna mhadhiri angekubali kumpoteza hivi hivi kwa jaribio la sebuleni!

Hapo ndipo mimi naona akili ya huyu mchoraji. Hakuchora pampu tu, amechora watu wanavyoipokea sayansi. Angalia nyuso moja moja: kuna msichana amefunika macho, mdogo wake anatazama juu kwa woga, baba anawabembeleza huku anawaonyesha, kuna bwana ameshika saa anapima muda, kuna wapenzi wawili hawana habari na ndege wanatazamana wao, na kuna mzee ameinamisha kichwa anawaza. Mhadhiri mwenyewe, nywele ndefu nyeupe, anakutazama wewe uliye nje ya picha, na mkono wake uko juu kwenye vali ya kuruhusu hewa irudi. Akifungua sasa hivi ndege anapona, akichelewa basi. Kulia, dirishani, kuna kijana ameshika kamba ya tundu la ndege, na hapo watu wanabishana mpaka leo kama analishusha ndege arudishwe au analipandisha kwa kuwa halina kazi tena. Wright hakujibu, na naamini aliiacha hivyo makusudi, manake swali la picha ni kwamba udadisi unaruhusiwa kugharimu nini, na hilo ametuachia sisi tunaotazama.

Mhariri salaam. Mimi ni mchoraji hapa Bagamoyo. Nimevutiwa na ule mwanga, mbona kila kitu giza alafu katikati panawaka? Ni staili tu au ina maana?

Salaam ndugu yangu. Ni staili ya zamani iliyopewa kazi mpya. Kabla ya Wright, wachoraji wa Ulaya kama Caravaggio na wafuasi wake walitumia sana giza na mwanga mmoja mkali kwa picha za dini, mtoto Yesu horini anaangaza nyuso za wachungaji, mtakatifu yuko peke yake na mshumaa. Mtazamaji wa karne ya 18 alishazoea kwamba mwanga wa namna hiyo ni wa kitu kitakatifu.

Wright akauchukua akauweka kwenye sayansi. Mwaka 1766, kabla ya ile ya ndege, alichora mhadhiri anaeleza mashine ya kuonyesha mizunguko ya sayari, na pale panapokaa jua imewekwa taa, hatuioni yenyewe kwa sababu kuna mtu ameikinga kwa mgongo, tunaona tu nyuso za watoto na wakubwa zinavyong'aa. Watoto wale wanatazama sayari kwa ile heshima ambayo zamani ingechorwa kanisani. Kwenye ile ya ndege mwanga unatoka nyuma ya glasi yenye maji machafu na kitu kimetumbukizwa ndani, na dirishani kuna mwezi. Mwezi huo una historia: Wright alikuwa na marafiki kwenye Lunar Society, yaani Jamii ya Mwezi, kikundi cha wapenda sayansi cha Birmingham, kina Erasmus Darwin daktari na John Whitehurst fundi saa wa Derby, ambao walikutana karibu na mwezi mpevu ili wapate mwanga wa kurudi nyumbani usiku.

Wewe kama mchoraji jaribu uone, chora sura sita kwa taa moja iliyofichwa, utajua jamaa alikuwa amekaa akaichunguza nuru kama mwanasayansi anavyochunguza. Huwezi kuotea vivuli vile.

Je, wachoraji wenyewe walikuwa na udadisi huo au walilipwa tu kuchora ya wenye sayansi? (Msomaji, Nakuru)

Wengi walilipwa, ila wapo walioingia wenyewe mikono yote. Soma habari za George Stubbs. Karibu mwaka 1756 alikodi nyumba ya shamba kijiji cha Horkstow, Uingereza, na akakaa humo kama miezi 18 akipasua mizoga ya farasi, anaitundika kwa vyuma isimame kama farasi aliye hai, anachuna ngozi, anachora, anatoa tabaka la misuli, anachora tena, mpaka kwenye mifupa, pamoja na harufu yote hiyo, na msaidizi wake mkubwa alikuwa mwanamke, Mary Spencer. Kitabu chake cha michoro hiyo kilitoka 1766, na picha zake alizichonga kwenye bamba mwenyewe. Madaktari wa mifugo walikitumia miaka mingi.

Ndio maana pundamilia wake wa mwaka 1763, aliyepelekwa London kutoka Rasi ya Tumaini Jema kwa ajili ya Malkia Charlotte, amekaa sawasawa kabisa, mistari yote mahali pake, kwa sababu alimwona kwa macho. Ila kangaruu hakumwona. Mtaalamu wa mimea Joseph Banks alirudi na ngozi yake kutoka safari ya kapteni Cook, Stubbs akachora kwa kuitegemea hiyo ngozi, na Waingereza wengi wakamjua kangaruu kwa picha ile. Linganisha hizo mbili ukipata nafasi, utaona tofauti ya kumwona mnyama na kuletewa ngozi yake.

Dada mhariri, mbona wanawake kwenye picha hizi wanalia tu au wamekaa pembeni? (Mama wa watoto watatu, Tanga)

Mama, swali zuri, na kwa ile ya ndege ni kweli kabisa. Ila tafuta picha ya mwanakemia Antoine Lavoisier na mkewe Marie-Anne, ameichora Jacques-Louis David mwaka 1788 huko Ufaransa. Mke amesimama, amemwegemea mumewe, mume ndiye anayemtazama yeye juu, na nyuma ya mama kuna jalada la michoro, manake Marie-Anne alijifunza kuchora kwa David huyohuyo na ndiye aliyechora vifaa vyote vya maabara kwenye kitabu cha kemia cha mumewe cha 1789. Mwaka 2021 wataalamu wa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, walitangaza kwamba chini ya rangi kuna picha ya kwanza, mama amevaa kofia kubwa ya fasheni na vifaa vya sayansi havipo, yaani mwanzo walikuwa wachorwe kama matajiri alafu ikabadilishwa wawe watu wa maabara.

Na Lavoisier huyo ndiye aliyekuja kueleza yule ndege wa Wright alikuwa anakosa nini: oksijeni, jina alilolitoa yeye. Majaribio yake ya upumuaji Marie-Anne aliyachora, mtu amevaa kinyago anapumua kwenye mrija, wengine wanashughulika na vifaa, na yeye mwenyewe amejiweka mezani, kalamu mkononi, anaandika matokeo. Walimu wa kemia mnaonisoma, mchoro huo uingizeni darasani siku ya somo la oksijeni, upo mtandaoni.