Abee, mama

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, kumpeleka mzazi kwenye nyumba ya wazee ni kumtupa?", nimelisoma asubuhi nikitoka zamu ya usiku, nikakaa mezani kulijibu kabla sijavua viatu. Jibu langu ni hapana. Lakini naomba nafasi nieleze, maana wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba jambo hili ni laana, na mimi mwenyewe niliamini hivyo mpaka nilipoanza kazi hii.

Ni mzaliwa wa Tanga. Huu ni mwaka wa tisa niko Minnesota, Marekani, msaidizi wa wauguzi, naingia saa tano usiku natoka saa moja asubuhi. Ninakofanya kazi ni kama kijiji. Upande wa mbele wanakaa wanaojiweza, kila mtu na fleti yake na funguo zake, wengine bado wanaendesha magari. Wengi wao walikuja kwa hiari baada ya kuuza nyumba zilizowashinda ukubwa. Huku ni desturi ya siku nyingi. Mji wa Sun City kule Arizona, uliofunguliwa Januari 1, 1960, ulijengwa mahsusi kwa wastaafu. Ukiingia ndani zaidi unawakuta wanaosaidiwa kuoga na kumeza dawa. Nyuma kabisa, nyuma ya mlango unaofunguliwa kwa namba, wako wenye maradhi ya kusahau. Huko ndiko kwangu.

Kuna mama mmoja wa fleti za mbele ambaye mumewe tunaye sisi huku nyuma. Nikishika zamu ya mchana humwona: saa kumi jioni anakuja na kitana mfukoni, anamchana mzee nywele, wanakula pamoja, mzee akishalala anarudi kwake. Mzee hamjui tena kwa jina, ila akichelewa hukaa ameukodolea macho mlango. Alimuuguza nyumbani miaka minne, mpaka siku waliyoanguka wote wawili bafuni wakalala sakafuni hadi kulipokucha. Mimi siwezi kumwambia mama yule kwamba amemtupa mumewe.

Lakini aliyenionyesha nini hasa ni kutupwa ni bibi mwingine.

Alikuwa ameshapita miaka tisini. Mchana alikuwa mtulivu, usiku haulali. Ikifika saa nane anaanza kuita neno moja, "äiti, äiti", hadi sauti inakauka. Kwa masikio ya wenye Kiingereza chao neno lile lilisikika kama "eighty", yaani themanini. Basi kwenye daftari la kukabidhiana zamu ikaandikwa kwamba anahangaika na kutaja umri wake. Daktari akaongeza dawa ya usingizi. Dawa ikamlaza mchana, usiku ikamwacha vilevile, na akaanza kuyumba akitembea.

Usiku mmoja nilikuwa nakunja mashuka pembeni ya kitanda chake, nimechoka, mawazo yako kwingine. Akaita, nami bila kufikiri nikaitika kama ninavyomwitikia mama yangu kwenye simu: "Abee, mama." Akanyamaza. Akapapasa gizani akaushika mkono wangu hapa kwenye kifundo, akaushikilia kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Nilikaa pale dakika ishirini na kengele za vyumba vingine zinalia, na baadaye nilisemwa kwa hilo.

Jumapili bintiye alipokuja nikamwuliza, äiti ni nani? Akakaa chini kwanza. Akasema ni mama, kwa Kifini. Wazazi wa bibi walikuwa Wafini waliokuja kaskazini mwa Minnesota kwenye migodi ya chuma, kama Wafini wengi wa wakati ule, na Kiingereza bibi alikikuta shuleni. Maradhi haya mara nyingi huanza kula lugha ya ukubwani na kuacha ya utotoni. Kumbe kwa miezi mizima bibi alikuwa akimwita mama yake, na sisi tunaandika umri.

Bintiye mwenyewe Kifini alikuwa nacho cha kuombea maji tu. Yale machache aliyoyakumbuka akayaandika nyuma ya karatasi ya orodha ya chakula cha mchana: äiti, mama. Vesi, maji. Kylmä, baridi. Kotiin, kwenda nyumbani. Kiitos, asante. Tukaibandika ukutani juu ya kitanda. Jambo lililonifurahisha ni kwamba maneno ya Kifini husomwa kama yalivyoandikwa, kama yetu, kwa hiyo vesi na kotiin niliyasoma mara moja, wakati wenzangu Wamarekani walikuwa wakihangaika nayo. Kylmä ndiyo iliyotutoa jasho wote. Baada ya wiki chache chumba kile kilikuwa na Mkisii kutoka Kenya, Mliberia, Mfilipino na mimi Mtanga, wote tunaongea Kifini cha maneno matano. Dawa ya usingizi ikapunguzwa.

Sheria ya shirikisho huku inataka msaidizi wa wauguzi afunzwe kwa saa zisizopungua 75. Tulifundishwa kumgeuza asiyejiweza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, na kumfunga mkanda kiunoni kabla ya kumwinua. Mambo ya lazima, sitayadharau. Ila hakuna aliyetuambia tuulize mtu huyu alimwitaje mama yake.

Machi 2020, serikali ilipoagiza nyumba za uuguzi zisipokee wageni kwa sababu ya korona, bintiye akawa anakuja kusimama nje ya dirisha kwenye theluji, kiganja kwenye kioo. Yeye hakuweza kuingia. Karatasi yake ilikuwa ndani. Bibi alifariki mwishoni mwa mwaka ule, na usiku wenyewe zamu haikuwa yangu. Yule Mliberia aliniambia alimwitikia kila alipoita, mpaka alipoacha kuita.

Sasa nirudi nyumbani, maana najua mtasema huko ni kwa Wazungu. Hata kwetu nyumba hizi zipo tangu zamani: Nunge kule Kigamboni, Sebleni na Welezo kule Unguja. Wengi wa wanaokaa humo ni wazee wasio na ndugu wa kuwatazama. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema familia ndiyo msingi wa matunzo ya mzee, nami nakubaliana nayo kabisa. Lakini neno familia limebeba mengi.

Bibi yangu mzaa mama hakupelekwa kituo chochote. Alitolewa Lushoto akaletwa Dar es Salaam kwa mjomba, nyumba ya watu wanane, Temeke. Alikula vizuri, aliogeshwa, dawa ya presha hakuikosa hata siku moja. Mwaka wake wa mwisho Kiswahili kilimtoka akabaki na Kisambaa, na mle ndani hakuna aliyekijua isipokuwa mjomba, ambaye alitoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala akarudi watoto wamelala. Wajukuu walicheka: "Bibi anaongea Kizungu!" Walikuwa watoto, siwalaumu, na mjomba ndiye aliyembeba mgongoni hospitali mara tatu. Nilipokwenda likizo nilimkuta ameketi kwenye mkeka uani, akizungumza na kuku kwa sauti ya chini. Nilimsalimia kwa Kisambaa changu kibovu. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaanza kusema, akasema mpaka magharibi. Nusu yake sikuielewa, na mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama nyumba ya wazee ni kumtupa mzazi, namwona bibi yangu uani kati ya watu wanane, na namwona yule Mfini aliyeitikiwa na Mliberia.

Sisemi nyumba hizi ni pepo. Bima ya wazee ya huku, Medicare, hailipii kumtunza mtu miaka nenda rudi. Wengi hula akiba yote ya maisha mpaka waonekane maskini ndipo mpango mwingine, Medicaid, uwachukue. Na kuna usiku tumebaki wawili kwa wazee 28, kwa sababu walioacha kazi hawakuajiriwa wengine. Usiku kama huo hata mwenye moyo mzuri namna gani anakimbia tu, pampasi moja hadi nyingine, na hakuna wa kuketi dakika ishirini na mtu. Atakayempeleka mzazi aulize kwanza usiku wako wahudumu wangapi, kabla hajatazama mapazia na bustani. Kisha aende naye na karatasi.

Mama yangu yuko Tanga, ana miaka 78, anatunzwa na msichana tunayemlipa. Ndugu zangu nami hatujakubaliana itakuwaje akizidiwa. Mwaka jana nilipokwenda tuliketi barazani na daftari, nikamwuliza nikiandika. Chai ya tangawizi, bila maziwa. Hulalia ubavu wa kulia, na taa ya ukumbini iachwe ikiwaka. Anaogopa mbwa. Akianza Kisambaa apigiwe simu mdogo wake aliyeko Soni, namba hii hapa. Akililia mtu usiku, huenda ni kaka yangu wa kwanza, aliyefariki na surua, msimwambie amekufa.

Nilipomsomea yote alinyamaza kidogo, akanyoosha kitenge magotini. Kisha akasema nimesahau jambo. Alifundisha darasa la kwanza miaka 31.

"Andika waniite Mwalimu. Bibi niitwe na wajukuu zangu."