Nimelipwa kwa viota vya kasa, nawaeleza ilivyokuwa

Mleta uzi kauliza pesa za kuokoa wanyama walio hatarini kutoweka zitoke wapi: wafadhili, utalii, au mwanakijiji alipwe mkononi. Mkuu, mimi nimelipwa mkononi, ngoja niseme.

Kwetu Mafia. Marehemu mjomba alikuwa akifuata mburuzo wa kasa mchangani alfajiri, anachimba, anarudi na ndoo ya mayai. Tulikula bila wasiwasi. Malipo yalipoanza, mjomba huyohuyo akawa mtafuta viota hodari kuliko wote. Macho yalikuwa yaleyale, kilichobadilika ni mnunuzi.

Malipo yalikuwa mafungu mawili. La kwanza ukiripoti kiota kikiwa kizima. La pili baada ya kama miezi miwili, kwa idadi ya watoto waliototolewa. Tunafukua, tunapanga maganda kumi kumi juu ya mkeka, mayai viza pembeni, na ubishi hauishi: ganda hili lililopasuka ni moja au mawili? Fungu hilo la pili ndilo lenye akili. Kiota changu kimoja kilimezwa na bamvua, halikutotolewa hata yai moja, nikaambulia la kwanza tu. Tangu siku hiyo nikikuta kiota kimekaa chini, maji yanakofika, nawahi kuita wahusika kihamishwe asubuhi ileile. Hakuna semina ingenifundisha hivyo.

Wakubwa nao wanafanya hayohayo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilitoa hatifungani, yaani hati ya kukopa kwa wawekezaji, ya dola milioni 150 kwa ajili ya faru weusi wa hifadhi za Addo na Great Fish River, Afrika Kusini. Mwekezaji hali riba ya kila mwaka, hela hiyo inalinda faru. Baada ya miaka 5 anapata nyongeza kulingana na faru walivyoongezeka. Ni maganda yetu yaleyale, ila wanaohesabu wamevaa tai.

Shida yangu ni muda. Kasa wa kijani huchukua miaka 25 na zaidi hadi aanze kutaga. Mfadhili anakuja na mradi wa miaka 3! Utalii unaziba pengo kiasi. Kisiwani Juani wageni hulipa kutazama watoto wa kasa wakikimbilia maji. Lakini 2020 corona ilizuia wageni, haikuzuia kasa kutaga.

Ningekuwa na sauti kijijini, sehemu ya kila kiingilio cha mgeni ingewekwa akiba ya malipo ya viota, isiguswe hata kwa kujenga choo cha shule. Na choo chenyewe tunakihitaji kweli.