Maswali ya Wasomaji: Macho ya Mtoto na Sindano ya Fundi

Mwezi huu barua nyingi zilizotufikia zinahusu macho, na waandishi wake wengi wamesikia habari za utafiti uliofanyika China, India au Bangladesh na wanataka kujua kama una maana yoyote kwetu hapa Uganda. Nimechagua tatu.

Shikamoo, Mwalimu. Binti yangu ana miaka kumi, yuko darasa la tano katika shule ya kutwa hapa Kampala. Hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi jioni akiwa na kazi nyingi za kuandika. Mwalimu wake ameniambia kwamba hawezi kunakili ubaoni mpaka asogee mbele. Kliniki walimpima wakasema haoni mbali, wakamwandikia miwani, lakini baba yake amekataa kwa kuwa anaamini miwani huyafanya macho ya mtoto kuwa mavivu. Nimesikia pia kwamba China watoto hutolewa nje ili wasiharibikiwe macho. Je, ni kweli? — Mama mzazi, Kawempe

Marahaba, dada yangu. Nianze na miwani, kwa sababu kila siku binti anayokaa bila miwani ni siku ya masomo yanayompita. Mtoto asiyeona mbali huwa jicho lake limerefuka kupita kiasi, kutoka mbele kwenda nyuma, hata taswira ya ubao inaangukia kabla ya kufika kwenye retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Miwani huirudisha taswira hiyo mahali pake. Hofu ya baba yake naielewa, na si yake peke yake, maana hata miongoni mwa wataalamu walikuwapo waliowapa watoto miwani yenye nguvu pungufu wakidhani kwamba wanayapumzisha macho. Jambo hilo lilijaribiwa nchini Malaysia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002: kwa muda wa miaka miwili, watoto waliopewa miwani pungufu kwa makusudi macho yao yaliendelea kudhoofika kwa kasi zaidi kuliko ya wenzao waliopewa miwani kamili. Tafadhali mweleze mzee hivyo kwa upole, kisha mkamchukulie mtoto miwani aliyoandikiwa.

Habari ya China nayo ni ya kweli. Katika mji wa Guangzhou, watafiti walichukua shule 12 za msingi, wakazigawa kwa kura katika makundi mawili ya shule sita sita. Katika kundi la kwanza, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa kipindi kimoja cha dakika 40 nje ya darasa kila siku ya shule. Kundi la pili liliendelea na ratiba yake ya kawaida. Baada ya miaka mitatu macho yalipimwa. Katika shule zisizobadilisha kitu, asilimia 39.5 ya watoto walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, na katika zile zilizoongeza kipindi cha nje ilikuwa asilimia 30.4. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Ukiyaweka katika lugha ya nyumbani, kati ya kila watoto mia moja, takriban tisa waliepushwa na tatizo hilo katika kipindi hicho kwa kutolewa nje tu, bila dawa wala kifaa. Si muujiza, kwa maana wengi bado walipatwa, lakini mimi naona ni faida kubwa kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Wako watakaokuambia kwamba Wachina wamerithi macho hayo kwa wazazi wao. Urithi una nafasi yake, ila hautoshi kueleza yote. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliolinganisha watoto wa asili ya Kichina wenye umri wa miaka sita na saba, baadhi wakiishi Singapore na wengine Sydney, Australia. Singapore, asilimia 29 walikuwa hawaoni mbali. Sydney, asilimia 3 tu. Watoto wa Sydney walisoma vitabu vingi zaidi kwa wiki kuliko wale wa Singapore, kwa hiyo kitabu peke yake hakiwezi kubeba lawama. Tofauti iliyojitokeza wazi ni kwamba watoto wa Sydney walikaa nje takriban saa 14 kwa wiki, na wale wa Singapore takriban saa tatu.

Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mwanga mkali wa mchana huifanya retina itoe kemikali iitwayo dopamini, na kemikali hiyo hulizuia jicho lisirefuke ovyo. Mwanga wa darasani, hata taa zikiwaka zote, ni sehemu ndogo sana ya ule ulioko chini ya mwembe adhuhuri. Hapa, dada, ndipo ninapoumia moyo. Nchi yetu iko juu ya mstari wa ikweta na jua hatulinunui, lakini tumewapangia watoto ratiba inayowatoa kitandani gizani, ikawafungia ndani mchana kutwa kwa ajili ya mitihani, na kuwarudisha jua likizama. Kwenye kikao cha wazazi uliza kama mapumziko ya mchana watoto wanatoka kweli, au wanabaki madarasani kumalizia mazoezi. Kivuli cha mti kinatosha. Hakuna haja ya kumchoma mtoto juani, na kamwe asilitazame jua lenyewe.

Jambo moja ulielewe sawasawa: faida iliyothibitishwa zaidi ni ya kuzuia tatizo lisianze. Kwa binti yako ambaye limekwisha kuanza, kukaa nje hakutamwondolea miwani, lakini wadogo zake watanufaika. Na mtu akikushauri ununue matone ya kuzuia macho yasizidi kudhoofika, mpeleke mtoto kwanza kwa daktari wa macho. Matone ya atropini yenye nguvu ndogo yamefanyiwa majaribio Singapore na Hong Kong, na hutolewa chini ya uangalizi wa daktari, si kwa kununuliwa dukani.

Mwalimu, mimi ni fundi cherehani sokoni Tororo, nina miaka 46. Siku hizi kutunga uzi kwenye sindano ni mpaka nimwite mwanafunzi wangu, na kitambaa cheusi sikigusi ikifika saa kumi jioni. Mchuuzi mmoja wa miwani alinijaribishia, nikaona tundu la sindano vizuri. Nimesikia kwamba Bangladesh watu walipewa miwani kama hiyo na kipato chao kikapanda. Je, ni utafiti au ni maneno ya biashara? — Fundi, Tororo

Ndugu fundi, ni utafiti, na ulifanywa kwa uangalifu. Katika vijiji 56 vya Bangladesh, watu 824 wenye umri wa kati ya miaka 35 na 65, ambao kazi zao zinahitaji kuona karibu, waligawanywa kwa kura: nusu wakapewa miwani ya kusomea bila malipo mara moja, na nusu wakaendelea kama kawaida. Baada ya miezi minane, kipato cha kati cha waliopewa miwani kilikuwa kimepanda kutoka dola 35 hivi kwa mwezi hadi dola 47, yaani nyongeza ya asilimia 33. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024.

Kabla ya hapo, mwaka 2017, wachumaji 751 wa majani ya chai huko Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi, walifanyiwa jaribio la namna hiyo hiyo. Waliopewa miwani waliongeza karibu kilo 10 za majani kwa siku. Lakini hata wasiopewa waliongeza zaidi kidogo ya kilo nne na nusu. Bila kundi hilo la pili, miwani ingepewa sifa ya ongezeko lote, wakati sehemu yake haikutokana nayo. Baada ya kulinganisha makundi yote mawili, faida ya miwani yenyewe ilikuwa takriban asilimia 22.

Kinachokusumbua si ugonjwa. Lenzi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyokwenda, na kuanzia miaka arobaini hivi inashindwa kujikunja ili kuona kitu kilicho karibu. Nina jirani ambaye kwa muda mrefu familia yake ilimlaumu kwamba anapika mchele wenye mawe. Yeye alikuwa akichambua kila siku, ungo mapajani, akiusogeza mbali na uso kidogo kidogo mpaka mikono ikaishia, na mawe yanapita. Siku aliyovaa miwani alichota konzi moja ya mchele akaitandaza ukingoni mwa ungo, akatoa jiwe, akatoa la pili, kisha akanyamaza. Nilikuwapo, na sijausahau uso wake.

Kwa hiyo miwani ya yule mchuuzi yaweza kukufaa, mradi kila jicho, ukilifunika jingine, linaona sawa na mwenzake. Hata hivyo nakusihi ufike kwanza hospitali yenye kitengo cha macho wakupime, kwa sababu katika umri wako huweza kuanza presha ya macho, ambayo haiumi, haiwashi, na hula uwezo wa kuona kuanzia pembeni bila mwenyewe kujua. Mchuuzi hana kifaa cha kuigundua.

Kwa nini tukubali matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watu wa Asia? Sisi si wao. — Mwanafunzi wa chuo, Arua

Inategemea swali lililoulizwa. Kukakamaa kwa lenzi humpata kila binadamu, hivyo fundi wa Tororo na mshonaji wa Bangladesh wako katika hali moja. Kinachoweza kutofautiana ni kiasi cha fedha kitakachoongezeka, kwa kuwa soko si lile lile. Kwa watoto, tahadhari ni kubwa zaidi. Mwaka 2002 vilichapishwa vipimo vya watoto 623 wa madarasa ya chini ya shule za msingi wilayani Kampala, wenye umri wa miaka sita hadi tisa. Takriban asilimia 12 walikuwa na kasoro ya kuona inayohitaji miwani, na katika hao wasioona mbali walikuwa wachache. Wengi walikuwa na kasoro za aina nyingine. Hali hiyo haifanani hata kidogo na ya Guangzhou.

Lakini watoto waliopimwa wakati ule leo ni wazazi, na watoto wao wanakua na simu mkononi, na masomo ya ziada kabla ya mapambazuko. Kama unasomea afya au takwimu, hapo pana kazi inayokungoja: chati ya herufi, kamba ya mita 6, ruhusa ya shule na ya wazazi, na daftari la kuandikia saa ambazo kila mtoto hukaa nje.