Maswali na majibu ya pikipiki za zamani: herufi mnaziacha wapi?

*Shikamoo mzee. Nina BSA aliyoacha babu, iko hapa Urambo. Namba yake ni 27431. Ni ya mwaka gani?*

Marahaba. Hakuna swali ninalolijibu hapa mara nyingi kuliko hili, na kila mara tatizo ni lile lile: namba imekuja bila herufi zake. BSA, kiwanda cha pikipiki cha Uingereza, walikuwa wakihesabu kila aina ya pikipiki kivyake, na mara nyingi wakaanza upya msimu mpya ulipoingia. Kwa hiyo 27431 peke yake inaweza kuwa ya pikipiki kadhaa zisizofanana hata tairi. Kinachozitenganisha ni zile herufi na tarakimu za mbele ambazo mnaziona kama pambo. Ikiwa mbele kuna YD1, hiyo ni Bantam D1, pikipiki ndogo ya cc 123 iliyoingia sokoni 1948 ikiwa imeigwa kutoka DKW RT125 ya Ujerumani. Ikiwa ni WM20, hiyo ni M20 iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi. Na ikiwa kwenye injini pamegongwa DBD34, hiyo ni Gold Star, inayotafutwa kwa bei kubwa; usimwambie dalali yeyote kabla hujaniandikia tena.

Rudi kwenye pikipiki yako. Namba ya injini itafute upande wa kushoto wa kasha la injini, chini kidogo ya silinda. Namba ya fremu, ile ambayo kadi huiita ya chasisi, itafute shingoni pale usukani unapopita, au kwenye kishikio cha mbele cha injini, kushoto vilevile. Ziandike zote mbili kama zilivyo: herufi, tarakimu, vistari, nafasi. Zisipolingana usishtuke. Kwa BSA zilizotoka kabla ya miaka ya mwisho ya 1960, namba ya fremu na ya injini hazikuwa moja tangu kiwandani. Mtu anayekusifia BSA ya 1955 kwamba "namba zake zinalingana" ama hajui anachosema ama anataka hela yako.

Jambo jingine, umejuaje kuwa ni BSA? Kama ni kwa nembo ya tanki, tanki hubadilishwa kwa dakika chache. Nimeshaona tanki la BSA juu ya fremu ya Matchless, kampuni nyingine kabisa, na mwenyewe akiapa.

*Yangu ni M20, injini WM20. Mzee mmoja hapa Tabora anasema ilikuja na Wabelgiji walipouteka mji huu. Naweza kuiuza kama pikipiki ya vita ya kwanza?*

Huwezi, na ukifanya hivyo utakuwa umemdanganya mtu. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916. M20 ilitoka kwa mara ya kwanza kwa msimu wa 1937. Hiyo W ya mbele ndiyo inayokupa jibu: ni alama ya zile zilizotengenezwa wakati wa Vita vya Pili, injini ya cc 496, valvu za ubavuni, nzito, ya polepole na isiyokufa. Jeshi la Uingereza liliagiza zaidi ya laki moja. Vita vilipokwisha nyingi ziliuzwa kwa raia, zikasambaa duniani.

Hata bila namba ungeweza kuona. Pikipiki za 1916 zilikuwa na tanki bapa lililochomekwa katikati ya bomba mbili za juu za fremu, na nyingi zilivuta gurudumu la nyuma kwa mkanda. Yako ina tanki lililopanda juu ya bomba kama tandiko, na mnyororo. Masimulizi ya wazee nayaheshimu sana, na huyo mzee mwandike maneno yake yote, kwa sababu pengine anajua ni nani aliyeileta Tabora na lini. Hilo lina thamani. Lakini mwaka wa kuzaliwa kwa mashine tunauuliza kwenye chuma.

*Kilomita zilizoandikwa kwenye mita zinaweza kunionyesha umri wake?*

Hapana. Mita ni spea kama spea nyingine.

*Niko Ujiji. Nimeuziwa Triumph, injini imegongwa T120R na JD kisha tarakimu tano. Muuzaji anasema ni ya 1970. Ni kweli?*

Ni kweli kwa hesabu ya kiwanda, ila kwa kalenda ilitoka mwaka mmoja nyuma. Kuanzia 1969 Triumph na BSA walitumia herufi mbili: ya kwanza ni mwezi, ya pili ni msimu. Miezi inakwenda hivi: A Januari, B Februari, C Machi, D Aprili, E Mei, G Juni, H Julai, J Agosti, K Septemba, N Oktoba, P Novemba, X Desemba. Misimu: C ni 1969, D ni 1970, E ni 1971, G ni 1972, H ni 1973. Angalia herufi zilizorukwa. Mtu akikuonyesha Triumph yenye F au M katika nafasi hizo, ondoka.

Sasa, msimu wa kiwanda ulianza Agosti. J ni Agosti, D ni msimu wa 1970. Yako basi iliunganishwa Agosti 1969 ikauzwa kama toleo la 1970. Ndiyo maana watu wawili wenye pikipiki hiyo hiyo hubishana miaka yote wakiwa wote na haki.

Ila kabla hujafurahi, fanya mambo mawili. Triumph tofauti na BSA za zamani: kwa miaka hiyo namba ya fremu na ya injini zinatakiwa ziwe zile zile. Kisha safisha pale penye namba ya injini uangalie kwa karibu. Kiwanda kilianza kuweka vinembo vidogo vidogo vya Triumph kwenye uwanda huo, na namba ikagongwa juu yake, ili mtu akikwangua ajulikane. Ukikuta uwanda ni laini, hauna vinembo, na tarakimu zimepinda moja juu moja chini, hiyo injini imefanyiwa kazi ya usiku. T120R na T120 na TR6 zinafanana sana kwa mwenye macho mageni, na wapo wanaogeuza ya bei ndogo kuwa ya bei kubwa kwa stempu na nyundo.

*Nimekuta namba kubwa zimetokeza kwenye kasha la injini. Ndizo?*

Sizo. Namba zilizotokeza ziliingia wakati chuma kinamiminwa, ni za kipuri. Tafuta zilizogongwa zikaingia ndani.

*Trafiki kanisimamisha na Honda CG125 ya zamani. Anasema namba ya fremu na ya injini hazifanani, kwa hiyo ni ya wizi. Nifanye nini?*

Mwonyeshe kadi, kwa adabu. Honda hawakuwa wakizilinganisha. Kwenye CG125 za awali, namba ya fremu huanza na CG125, ya injini huanza na CG125E, na baada ya hapo tarakimu kila moja inashika njia yake. Vespa nazo ni hivyo: fremu VBB1T, injini VBB1M, na tarakimu tofauti. Yamaha nyingi za miaka ya 1970 ndizo zilizotoka kiwandani zikiwa na namba moja pande zote, kwa hiyo huko tofauti inakuambia injini ilibadilishwa wakati fulani.

Kinachotakiwa kulingana ni kilichogongwa kwenye chuma na kilichoandikwa kwenye kadi ya TRA. Hapo ndipo wengi wenu mnapoangukia. Mnafunga injini nyingine wikiendi, mnaendelea na safari za Nzega, kadi inabaki na namba ya injini iliyoko chini ya kitanda. Ukibadili injini, nenda ukaiandikishe.

*Hii si ya zamani lakini naomba msaada. Nanunua Boxer ya mkononi Kasulu, herufi ya kumi kwenye chasisi ni A. Ni ya 1980 au 2010?*

2010. Mwaka 1980 Bajaj walikuwa watu wa skuta na magurudumu matatu. Katika namba za herufi na tarakimu 17, ya kumi ndiyo ya mwaka, nayo ina mzunguko wa miaka thelathini: A ikarudi tena, B ni 1981 au 2011, na kuendelea. MD2 mwanzoni ndiyo Bajaj ya India. Na humo ndani hakuna kabisa herufi I, O wala Q. Ukiona duara ni sifuri; ukiona "O" kwenye kadi, mwandishi alikosea, arekebishe kabla hujalipa.

*Namba ya fremu imeliwa na kutu na rangi nyingi. Fundi anataka kuipitisha grainda ionekane.*

Mnyang'anye hiyo grainda. Namba imegongwa kina kidogo sana. Kutu imeshachukua sehemu yake, na grainda itachukua iliyobaki. Lowesha kitambaa kwa dawa ya kutolea rangi, kibandike shingoni, ukiache kifanye kazi, kisha futa. Rudia mpaka chuma kitoke. Tumia brashi ya nyaya za shaba, ya chuma inachora mistari ambayo baadaye utaisoma kama tarakimu. Kisha subiri giza liingie. Washa tochi uilaze ubavuni mwa fremu, mwanga upite juu juu ya chuma. Kivuli kitaingia kwenye kila mkato, na utaona 3 ikijitenga na 8, na 5 ikikataa kuwa 6. Weka karatasi nyembamba, isugue kwa penseli laini, na upige picha tochi ikiwa kushoto, kisha ikiwa kulia.

Mafundi wa rangi wa mji wetu nawaomba kwa dhati. Mnapiga msasa shingo mpaka inang'aa, mnajaza puti, mnapuliza nyeusi, mteja anafurahi, na pikipiki imepoteza jina lake. Funikeni namba kwa utepe wa karatasi wenye gundi kabla ya kazi. Kupuliza mchanga ni vilevile.

*Fremu yangu haina namba kabisa. Kuna mtu atanigongea namba ya kwenye kadi kwa elfu thelathini. Si ni namba yangu mwenyewe?*

Usifanye. Chuma kilichokwanguliwa kikigongwa upya, hakuna atakayeweza kutofautisha ya kwako na ya mwizi, na wewe utakuwa wa kwanza kuhojiwa. Nenda polisi na kadi, picha na aliyekuuzia. Wao wana njia ya kuamsha namba iliyofutwa, kwa sababu nyundo hubana chuma hata chini ya mkato. Ukigonga juu yake, ushahidi huo umeuharibu kwa hela yako.

*Baba amefariki, ameacha AJS na kadi ya zamani kwa jina lake. Mnunuzi wa vyuma chakavu anataka fremu kwa kilo, injini tubaki nayo.*

Fremu ndiyo pikipiki. Injini bila fremu ni spea. Fremu yenye namba na kadi hata ikiwa tupu ni pikipiki inayoweza kufufuliwa. Mwambie aende.

AJS na Matchless wamekurahisishia: kwenye injini nyingi mwaka uko wazi, tarakimu mbili kisha aina, kwa mfano 47 na G3L kwa Matchless. Pindua injini pia uangalie chini ya kasha: nusu mbili za kasha ziligongwa namba moja ndogo kiwandani ili zisitengane. Zikitofautiana, kasha ni la injini mbili. Ukitaka uthibitisho wa maandishi, VMCC, klabu ya pikipiki za kale ya Uingereza iliyoanzishwa 1946, inatunza madaftari ya viwanda kadhaa vya huko na hutoa barua ya kuthibitisha mwaka wa pikipiki. Watataka picha ya namba, si namba ya kusimuliwa.

Kuhusu jina: kabla ya kugawana au kuuza chochote, familia ikae, ipeleke muhtasari Mahakama ya Mwanzo apatikane msimamizi wa mirathi. Huyo ndiye atakayeweza kusaini TRA. Kadi ya baba usiipige laminesheni wala usiiache kwa dalali "aikague". Itoe nakala, na ya asili abaki nayo mama.