Mpe Mwenye Shaka Maneno Mazito: Kwa Anayetaka Kuzungusha Tamthilia ya Magonjwa ya Mlipuko

Kijana mmoja mtunzi ameniandikia. Ana mswada kuhusu historia ya tiba ya magonjwa ya mlipuko, ana kikundi cha waigizaji, na anataka kuizungusha tamthilia yake mji hadi mji. Amesikia kwamba ya kwetu imemaliza ziara na kumbi zilijaa. Ni kweli zilijaa. Ukumbi wa mwisho watu walikaa hadi kwenye ngazi, na wengine walisimama ukutani tangu mwanzo hadi pazia lilipofungwa. Nalisema hili kwa fahari, maana wapo walionieleza usoni kwamba hakuna mtu atakayetoka kwake usiku kwenda kutazama habari za kipindupindu na ndui.

Mdogo wangu, umeniuliza maswali mengi. Nitajibu moja kwa kirefu kwa sababu ndilo linalobeba mengine yote: wale madaktari waliokataa ukweli, uwaandikeje?

Uwaandike kama watu wenye akili. Basi.

Najua kishawishi chake. Historia hii ukiisoma haraka inakuja ikiwa imejipanga yenyewe, shujaa upande huu na wapumbavu upande ule. Mtunzi anafurahi, kazi imekuwa nyepesi. Lakini mtazamaji anajua nani atashinda kabla hajakaa vizuri kitini, na kuanzia hapo anatazama saa yake.

Chukua London, 1854. Mwisho wa Agosti kipindupindu kinaingia mtaa wa Soho, na katika siku chache kinaua mamia ya watu kuzunguka pampu ya Broad Street. Daktari John Snow anasema ugonjwa umo majini. Wakubwa wa afya wanaamini ni hewa chafu. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu unaondolewa. Waandishi wengi wanamalizia hapo, mpini juu, makofi, taa zizimwe. Ila siku ule mpini unatoka, ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua na watu wengi wa mtaa walikuwa wamekimbia. Aliyemuuliza Snow, "Una hakika gani?" alikuwa na haki ya kuuliza.

Na aliyeuliza kwa bidii kuliko wote hakuwa hata daktari. Alikuwa kasisi kijana wa mtaa ule, Henry Whitehead, aliyeshinda kwenye vyumba vya wagonjwa na kuwajua kwa majina. Yeye aliona Snow amekosea, na akaanza kupita nyumba kwa nyumba ili kuthibitisha hivyo. Kadiri alivyouliza, majibu yakawa yanamgeuka. Mwisho ni yeye, mwenye shaka, aliyekipata kile Snow alichokikosa: mtoto mchanga wa nyumba namba 40, aliyeugua kabla ya mlipuko kuonekana, ambaye maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa kwenye shimo la maji machafu mbele ya nyumba. Shimo hilo lilipofukuliwa, lilikutwa linavuja, na kisima cha pampu hakikuwa hata mita moja kutoka hapo.

Onyesho hilo ndilo refu kuliko yote katika mchezo wetu. Mama ameinama juu ya beseni anafua. Whitehead amesimama na daftari, anauliza mtoto alianza kuugua lini. Mama anajibu huku anakamua nepi, anaitundika, anachukua nyingine. Anataja siku. Kasisi anaandika. Kisha mama anainua beseni, anapita mbele yake, na kuyamwaga maji pembeni mwa jukwaa. Hatukuweka muziki wala mwangaza wa pekee. Kila tulikokwenda, hadhira ilielewa kabla ya Whitehead kuelewa, na nilikuwa nasikia pumzi za watu zikibadilika. Mwigizaji wetu alijifunza kuyamwaga yale maji polepole kadiri ziara ilivyosonga. Kitu kama hicho hukipati kama Whitehead umemfanya kichekesho.

Na hilo ndilo tuliloombwa kulifanya. Kulikuwa na taasisi, sitaitaja, iliyokubali kugharamia usafiri na maleba. Waliposoma mswada wakaleta sharti: Whitehead atoke, au abaki kama mtu wa kuchekwa, kwa hoja kwamba watu siku hizi wana shaka nyingi kuhusu tiba na sisi tusiwaongezee. Nilikataa. Nilieleza kwa heshima, kwa maandishi na kwa mdomo, kwamba Whitehead ndiye daraja la mtu mwenye shaka kuvuka. Wakajitoa wakati kumbi zimeshalipiwa na mabango yameshabandikwa. Waigizaji walikubali kusafiri kwa malipo pungufu, fundi wetu wa maleba akageuza mashuka kuwa makoti ya madaktari. Baadaye mmoja wa wale waliojitoa alikuja, akakaa safu ya pili, akapiga makofi akisimama, akaondoka bila kutusalimia. Imeniuma, na bado inaniuma.

Niendelee. Boston, 1721, ndui. Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa wa mchungaji Cotton Mather, alishamweleza bwana wake jinsi kwao walivyojikinga: usaha wa mgonjwa unachukuliwa na kutiwa kwenye mkato mdogo katika ngozi ya mtu mwenye afya. Mather akalipigania, daktari Zabdiel Boylston akaanza na mtoto wake mwenyewe, mji ukawaka hasira. Mnamo Novemba mtu alitupa bomu nyumbani kwa Mather. Kiongozi wa wapinzani, William Douglass, ndiye daktari pekee mjini aliyekuwa na shahada ya udaktari, na hoja yake haikuwa ya kijinga: ukimpa mtu ndui kwa makusudi na kumwacha atembee, ataambukiza wengine. Hilo lilikuwa kweli. Ila takwimu zilimshinda. Mlipuko ule uliua watu 844, na kati ya waliochanjwa na Boylston waliokufa walikuwa wachache mno kwa uwiano. Mpe Douglass hoja yake yote, kisha mlete Boylston na daftari lake la hesabu. Usimlete na hotuba.

Kuhusu Onesimus, tahadhari moja. Maneno yake tunayapata kupitia kalamu ya mtu aliyemmiliki. Nimeona michezo inayomwingiza jukwaani, anasema mistari minne, anatoka, na shujaa anabaki Mather. Usifanye hivyo. Sisi tulimwacha jukwaani hadi mwisho wa sehemu ile, akisikiliza wazungu wakigombania elimu yake.

Umeuliza pia kama daktari Semmelweis ni lazima. Kila mtu anamuulizia. Kisa chake ni kizito: Vienna, 1847, aliwaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mzazi, na vifo vya homa ya uzazi katika wodi yake vikashuka kutoka asilimia 18 mwezi Aprili hadi karibu 2 mwezi Juni. Lakini hakuchapisha kitabu chake mpaka 1861, akawaita wapinzani wake wauaji, na mwaka 1865 akafia kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Ukimweka, atameza mchezo mzima kwa huruma. Sisi tulimtoa.

Harbin, mji wa Manchuria kaskazini-mashariki mwa China, tusingeitoa kwa lolote. Desemba 1910 Wu Lien-teh, daktari mzaliwa wa Penang aliyesomea Cambridge, anatumwa Manchuria kwenye tauni. Elimu ya wakati ule ilikuwa imeshaonyesha tauni inaletwa na viroboto wa panya. Wu anasema hii ya hapa inapita kwa pumzi, na kila mtu avae barakoa. Daktari Mfaransa, Gérald Mesny, mkubwa wake kwa umri na sifa, anakataa. Tazama lakini alikuwa anatetea nini: alikuwa anatetea sayansi mpya ya miaka yake, kama alivyofundishwa. Jukwaani kwetu Wu anatengeneza barakoa wakati wote wa mabishano. Anakunja shashi, anaweka pamba katikati, anachana ncha ziwe kamba, anajaribisha fundo kisogoni. Anampa Mesny. Mesny anaichukua, anaitazama, anaiweka mezani, anaingia wodini uso wazi. Siku chache baadaye amekufa. Tauni ile iliua zaidi ya watu 60,000, na baada ya Mesny kufa barakoa hazikubishaniwa tena sana.

Mwigizaji wa kwanza wa Mesny alitaka kumcheza kwa dharau, pua juu. Nilimwambia amcheze kama baba yake mwenyewe anayekataa ushauri wa mwanawe. Hapo ndipo nilipouona mchezo.

Waandishi wenzangu, niseme wazi. Mnapomdhalilisha mwenye shaka jukwaani, mnamdhalilisha aliyekaa kitini. Amelipa kiingilio, amekuja na hofu yake, pengine amefiwa, pengine amedanganywa na hospitali. Mnamcheka kisha mnashangaa kwa nini hashawishiki! Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali kule Merca, Somalia, alikuwa mtu wa mwisho kupata ndui kwa njia ya kawaida, Oktoba 1977. Alifanya kazi hospitalini na bado aliikwepa chanjo, kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona. Mei 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Miaka mingi baadaye alizunguka nchini mwake akiwashawishi wazazi wawachanje watoto dhidi ya polio, akiwasimulia kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuogopa. Alikufa kwa malaria mwaka 2013, akiwa bado kwenye kazi hiyo. Mheshimuni mwenye hofu. Mpeni maneno mazito.

Mengine ni mepesi. Vifaa vyote viingie kwenye masanduku ambayo watu wawili wanaweza kuyabeba kupanda ngazi. Usitegemee taa za ukumbi usiouona. Mpe mswada daktari asome makosa ya kitabibu, ila usimpe kalamu. Beba chanzo cha kila tarehe unayoitamka, maana atasimama mtu akuulize. Na tena, usimfanye mpinzani mjinga.

Swali lako la mwisho lilikuwa kuhusu mazungumzo na hadhira baada ya onyesho. Yaweke, ila yaanze kabla waigizaji hawajavua maleba, na swali la kwanza aulizwe aliyemwigiza Mesny.